MASWALI YENU: Zirkonia inaharibikia kwenye kuosha na kukausha

Mwezi huu barua nyingi zimegusa kitu kimoja, poda za oksidi za kauri zenye usafi wa juu, zile zinazotengenezwa kwa kuyeyusha chumvi kwenye maji alafu unazitoa tena kama mashapo, unaosha, unakausha, unachoma. Ni eneo ambalo mimi nalipenda sana na naona watu wanateseka nalo bure kwa sababu vitabu vinaandika "osha na kausha" kwa mstari mmoja kisha vinaendelea, wakati kazi yenyewe iko hapo. Nimejibu kwa urefu pale ilipobidi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa masta hapa Dar es Salaam, natengeneza poda ya zirkonia (oksidi ya zirkoniamu) yenye itria (oksidi ya itriamu) asilimia 3 ya moli kwa kutumia oksikloridi ya zirkoniamu na amonia. Nafanya kila kitu kama machapisho yanavyosema lakini nikishindilia vidonge na kuvichoma nyuzi 1500 vinatoka na nyufa, vingine vinapasuka vikiwa bado vinapoa, na XRD, kile kipimo cha eksirei cha kuonyesha muundo wa fuwele, inaonyesha muundo wa monokliniki kibao. Msimamizi wangu anasema kemikali zangu sio safi, ninunue za daraja la juu ambazo bei yake siiwezi. Ni kweli? Alafu mwenzangu kaniambia kuosha sana ni kupoteza muda maana kloridi ya amonia inaruka yenyewe kwenye tanuru.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla hujaingia gharama hiyo nisikilize kwanza, maana ulichoeleza hakifanani na uchafu wa kemikali. Uchafu kidogo kwenye oksikloridi ya kawaida ya maabara unaweza kukuharibia rangi, unaweza kukusumbua kwenye ukuaji wa chembe, lakini vidonge kupasuka vikipoa huku monokliniki imejaa, hapo tatizo ni itria haijakaa mahali pake.

Zirkonia tupu ikiwa kwenye nyuzi 1500 ina muundo wa fuwele unaoitwa tetragonali, ikipoa na kushuka chini ya nyuzi 1000 hivi inageuka monokliniki na inavimba kwa ujazo asilimia 4 mpaka 5, sasa kitu kigumu kikivimba hivyo ndani kwa ndani lazima kipasuke. Kazi ya itria ni kuizuia isigeuke. Asilimia 3 ya moli ni kama asilimia 5.4 kwa uzito, sio nyingi, na inatakiwa isambae mpaka ifike kila chembe. Sehemu iliyokosa itageuka, sehemu iliyozidishiwa itakuwa kyubiki, muundo wa tatu, kwa hiyo kidonge chako ukikipima kizima unaweza kusoma 3 kamili na bado kikapasuka.

Sasa niambie, ulikuwa unadondoshea nini kwenye nini? Hukuandika. Kama bika lina maji ya chumvi na wewe unadondoshea amonia, basi pH inaanzia chini na kupanda taratibu, zirkoniamu inaanza kutoka kama mashapo pH ikiwa karibu 2 tu, itriamu yenyewe inasubiri mpaka karibu 7. Maana yake umetengeneza mashapo ya zirkoniamu kwanza, itriamu ikaja kujipaka baadaye juu yake. Hapo umeitupa faida yote ya kufanya kazi na maji, kwa sababu sisi tunahangaika na maji badala ya kusaga oksidi mbili kavu pamoja ili ayoni ziwe zimeshachanganyika tangu mwanzo, na zitoke zikiwa bado zimechanganyika. Geuza mpangilio. Weka amonia kwenye bika, korogea kwa nguvu, alafu dondoshea mchanganyiko wa chumvi zote mbili ndani yake taratibu huku unaangalia pH isishuke chini ya 9, ukiona inaelekea kushuka ongeza amonia. Kila tone likigusa amonia, zirkoniamu na itriamu zinatoka hapo hapo pamoja. Na tafadhali fanya ndani ya kabati la kufyonza hewa, amonia ya kukolea inachoma macho na mapafu, usiifanyie mezani hata kama ni kidogo.

Jambo la pili ni mizani. Kwa poda gramu 100 hesabu inakupa gramu 247.5 za oksikloridi yenye molekuli nane za maji na gramu 5.36 za itria, hiyo itria unaiyeyusha kwanza kwenye asidi ya hidrokloriki ya moto. Hesabu iko sawa lakini inaamini kwamba kopo lako lina kile kilichoandikwa nje, na oksikloridi ikikaa kwenye kopo lililofunguliwa inapoteza maji. Chukua gramu 10, choma kwenye krusibo nyuzi 1000, pima unachobaki nacho. Unatakiwa upate kama gramu 3.82. Ukipata 4.1 ujue kila mara umekuwa ukiweka zirkoniamu zaidi ya unavyodhani na itria yako ikawa pungufu. Itria nayo ni kinyume, inavuta unyevu na kaboni dioksidi kutoka hewani, kwa hiyo ichome nyuzi 1000 kabla ya kuipima, ipoe kwenye desiketa (chombo kilichofungwa kisichoingiza unyevu), ndio uweke kwenye mizani. Vipimo hivi viwili havina gharama na nakuhakikishia vitakupa faida kuliko kubadilisha kemikali.

Tuje kwenye kuosha. Mwenzako ana nusu ya ukweli. Kloridi ya amonia kweli inaruka, ikifika karibu nyuzi 340 inaondoka kama moshi mweupe. Lakini kwenye hizo gramu 100 za poda una kama gramu 60 za kloridi, na sio yote imeshika amonia, nyingine imeng'ang'ania kwenye hidroksidi yenyewe, yaani hayo mashapo, na hiyo haitoki kirahisi, inabaki mpaka joto la juu na kuunganisha chembe kuwa madonge magumu, na ile inayotoka kama gesi ya asidi inakula waya za tanuru la watu. Osha. Na osha kwa akili, maana watu wanamwaga ndoo ya maji mara moja wanadhani wameosha. Tuseme keki yako kwenye chujio imeshika mililita 100 za maji machafu. Ukiongeza mililita 900 kwa mkupuo, ukakoroga na kuchuja, umebakiza sehemu moja ya kumi ya kloridi. Maji hayo hayo 900 ukiyagawa mara tatu, 300, 300, 300, kila mara unairudisha keki kwenye bika unaivuruga kabisa alafu unachuja, umebakiza sehemu moja ya 64. Maji ni yale yale.

Utajuaje umefika? Chukua mililita chache za maji yaliyochujwa, weka kwenye testi tyubu, WEKA KWANZA matone ya asidi ya nitriki mpaka iwe asidi, ndio udondoshee nitrati ya fedha. Hiyo asidi watu wengi wanairuka. Amonia inayeyusha kloridi ya fedha, kwa hiyo maji yako yakiwa bado na amonia hutaona ukungu wowote mweupe hata kama kloridi imejaa, utafurahi, utaacha kuosha, na kloridi yote iko ndani. Na ukimaliza kupima usihifadhi mchanganyiko wa fedha na amonia kwenye chupa, ukikaa unaweza kutengeneza kitu kinacholipuka, tia asidi na uutupe kwenye chombo cha taka siku hiyo hiyo.

Kitu kingine utakutana nacho, ukiosha mara kadhaa na maji matupu ghafla mashapo yanaanza kupita kwenye karatasi ya chujio, maji yanatoka kama yana maziwa. Chumvi zilizokuwa zinayashikanisha zimeisha. Weka amonia kidogo sana kwenye maji ya kuoshea, pH ibaki kama 9, yatatulia.

Baada ya hapo ndio kwenye ugonjwa wenyewe, kukausha. Ukichukua hayo mashapo yaliyo kama jeli ukayaweka kwenye oveni nyuzi 110 yakiwa na maji, utatoa kitu kigumu kinachong'aa kama kioo, kinagandamana kama ukoko, na ukikisaga kwenye kinu unapata vipande vidogo vya ukoko, sio poda. Maji yana mvutano mkubwa wa uso, kama mara tatu ya ethanoli, kwa hiyo yakiondoka yanazivuta chembe zigusane, na pale zinapogusana vile vikundi vya OH vya juu yake vinafunga daraja la kudumu. Ndani ya kidonge madonge hayo yanashikana yenyewe haraka na kuacha matundu na nyufa pembeni yake. Dawa yake ni kuondoa maji kabla ya oveni. Osha mara mbili tatu za mwisho na ethanoli safi, vuruga vizuri kila mara, alafu kausha taratibu kwenye nyuzi 80 hivi ndani ya oveni inayopitisha hewa, mbali na moto wa wazi. Poda itatoka laini, nyepesi, unaiponda kwa vidole. Wenye bajeti wanatumia butanoli na kuchemsha maji yatoke pamoja nayo, wengine wanakausha kwa kugandisha kwenye vakyum, zote zinafanya kazi, ila ethanoli inatosha kwa masta.

Kuchoma poda, kabla ya kushindilia vidonge, nyuzi 600 mpaka 800, saa mbili, usizidishe. Ukizidisha unarudisha madonge uliyokuwa unayakimbia. Na ukisaga tumia mipira ya zirkonia kwenye chupa ya plastiki, mipira ya chuma inakuachia chuma ndani na poda inageuka njano au kijivu baada ya usafi wote ule.

Mwambie msimamizi wako kwa heshima kwamba unaomba kwanza kupima kopo, kugeuza mdondosho na kuosha na ethanoli. Kama bado vinapasuka, hapo tuongee habari za kemikali.

SWALI: Mwalimu, badala ya amonia naweza kutumia kostiki soda? Hapa Mwanza inapatikana kila duka la wauza vifaa vya sabuni, amonia mpaka uagize.

JIBU: Mashapo utapata, poda safi hutapata. Sodiamu inajishika kwenye uso wa hidroksidi na kuosha kunaitoa kwa shida sana, na tofauti na amonia haina pa kwenda kwenye tanuru, inabaki kwenye poda milele. Ikikutana na silika kidogo wakati wa kuchoma inatengeneza kioo laini kwenye mipaka ya chembe, na kwa kauri za umeme hiyo inaua kila kitu, sodiamu inatembea, inavujisha umeme. Hata alumina ya kawaida inayotoka kwenye mchakato wa Bayer, ambao umetumika tangu mwaka 1888 na wenyewe unayeyusha boksaiti kwa kostiki soda, shida yake kubwa ni hiyo hiyo sodiamu iliyobaki, ndio maana wanaotaka alumina ya 99.99 wanapita njia nyingine kabisa, wengine wanaanza na alamu ya amonia wanaikristalisha mara kwa mara, wengine na alkoksidi ya alumini.

Na kwa kuwa umegusa alkali, acha bika za kioo ukiwa na pH ya juu, hasa ukipasha moto. Alkali inakula kioo na kukuletea silika, boroni na sodiamu humo humo. Tumia polipropilini. Maji nayo yawe yaliyotolewa ayoni, yale ya betri ya dukani sio ya kuamini kwa kazi hii.

SWALI: Salaam aleikum mwalimu, mimi ni wa Ukunda. Miaka yote hii mchanga wetu wa Kwale ulikuwa ukipakiwa melini pale Likoni na tukiambiwa una zirkoni ndani yake. Sasa mgodi umefunga. Nauliza, hiyo zirkoni si ndio hiyo zirkonia ya meno na ya visu mnayoisifu? Kwa nini haikutengenezwa hapa hapa?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Swali lako linaniuma na mimi. Ndio, kule Kwale walichimba ilmenaiti, rutaili na zirkoni, shehena ya kwanza iliondoka mwaka 2014 na uchimbaji ukaisha Desemba 2024. Zirkoni ni silikati ya zirkoniamu, theluthi mbili ya uzito wake ni zirkonia na theluthi moja silika. Ila sehemu kubwa ya zirkoni ya dunia haigeuzwi zirkonia kabisa, inasagwa tu ikiwa hivyo hivyo na kutiwa kwenye vigae na gilesi zake ili viwe vyeupe visivyopitisha mwanga.

Kuigeuza kuna kazi. Zirkoni ni miongoni mwa madini sugu kabisa, ndio maana imebaki kwenye mchanga wa pwani wakati mengine yote yameoza na kusombwa. Unaichoma na kostiki soda kwenye nyuzi 600 na kitu, silika inageuka silikati ya sodiamu ambayo unaiosha kwa maji, inayobaki ni zirkonati ya sodiamu, unaiyeyusha kwenye asidi ya hidrokloriki, unachemsha mpaka ikolee kisha unaipoza taratibu na fuwele za oksikloridi zinaanguka chini. Uzuri wa hatua hii, na mimi naona ndio hatua nzuri kuliko zote kwenye kemia ya zirkoniamu, ni kwamba fuwele zinajijenga na kuacha chuma, titani na alumini kwenye maji. Ukiziyeyusha na kuzikristalisha tena zinakuwa safi zaidi. Hapo ndio sodiamu tuliyoilaumu juu inaposamehewa, kwa sababu inaachwa kwenye maji nayo.

Kinachobaki ni mambo mawili. Hafniamu, pacha wa zirkoniamu, asilimia 1 mpaka 2, haitoki, na kwa kauri haijalishi, ndio maana kwenye mifuko utaona wameandika zirkonia pamoja na hafnia kama kitu kimoja. Wanaoitenganisha ni watu wa mitambo ya nyuklia. La pili ni zito zaidi, zirkoni ina urani na thoriamu kidogo ndani yake, na ukishayeyusha madini yale mabaki yanajikusanyia mionzi, pamoja na maji mengi ya asidi na chumvi. Kiwanda cha aina hiyo kinataka umeme wa uhakika, kostiki soda na asidi kwa bei nzuri, na mahali halali pa kuweka taka zile kwa miaka na miaka. China ndiyo imeshika sehemu kubwa ya oksikloridi ya dunia na imefika hapo kwa kuyabeba hayo yote, taka zikiwemo. Mimi naamini pwani yetu ingeweza kufika angalau kwenye oksikloridi, lakini mtu yeyote atakayekuja kuwaambia mambo ya kuongeza thamani muulizeni kwanza taka ataweka wapi.

SWALI: Hujambo mwalimu, mimi ni fundi wa meno Nairobi. Nanunua bloku za zirkonia za kampuni tofauti, zingine zikitoka kwa fanesi ziko na rangi ya njano chafu, zingine ziko poa lakini mteja anarudi baada ya muda na krauni imechakaa uso. Hiyo ni shida ya fanesi yangu ama poda?

JIBU: Sijambo ndugu. Yaweza kuwa vyote, lakini njano chafu mara nyingi ni chuma kwenye poda, kiasi kidogo mno kinatosha kuonekana kwenye kitu kinachopitisha mwanga. Kabla hujalaumu poda choma kipande cha bloku unayoiamini kwenye fanesi hiyo hiyo, pamoja na ile mbaya, trei moja. Zote zikitoka njano, waya za fanesi au trei yako ndio zinachafua.

Kuchakaa uso ni habari nyingine. Zirkonia ya itria 3 ikikaa kwenye unyevu kwa muda mrefu chembe za juu zinageuka monokliniki moja moja, zinavimba, uso unakwaruza. Poda yenye chembe ndogo, itria iliyosambaa sawa na alumina kidogo ndani yake inastahimili zaidi. Zamani waliweka alumina asilimia 0.25, siku hizi kwa bloku zenye mwanga mzuri wanashusha mpaka 0.05 kwa sababu alumina inatawanya mwanga, kwa hiyo urembo unalipiwa kwa ustahimilivu. Usichome juu ya joto alilosema mtengenezaji ukidhani unaongeza uimara, unakuza chembe na kuharakisha kuchakaa. Na muuzaji muulize matokeo ya kipimo cha kuzeesha, kwa vipandikizi vya upasuaji kiwango cha kimataifa ISO 13356 kinataka saa 5 kwenye mvuke wa nyuzi 134 na monokliniki isizidi asilimia 25, kwa hiyo mwenye bidhaa nzuri atakuwa na namba ya aina hiyo mkononi. Asiyeijua hata hiyo kipimo ni nini, mimi nisingenunua kwake.

SWALI: Mfuko umeandikwa 99.99%. Naweza kuamini? Arusha.

JIBU: 99.99 maana yake uchafu wote kwa pamoja ni gramu 0.1 ndani ya kilo. Ila mara nyingi namba hiyo inapatikana kwa kutoa, yaani wamepima orodha ya metali fulani, wamejumlisha, wametoa kwenye 100. Kisichokuwa kwenye orodha hakijahesabiwa, na kloridi, sulfati, kaboni na unyevu kwa kawaida havimo. Omba cheti cha bechi yako, angalia wamepima elementi gani, kisha choma gramu 5 nyuzi 1000 uone zimepungua kiasi gani.

SWALI: Mwalimu kuna njia ya Pechini, naona ni rahisi kuliko mashapo, hakuna kuosha kabisa. Kwa nini usiwashauri watu waitumie? Nipo Morogoro.

JIBU: Nashauri, kwa kazi yake. Maggio Pechini alipata hataza Marekani mwaka 1967 akiwa Sprague Electric, alitaka titanati na niobati za kapasita. Unayeyusha chumvi za metali zote pamoja na asidi ya sitriki, ile chumvi ya ndimu, unaongeza ethilini glaikoli, unapasha moto mpaka inakuwa utomvu mzito unaozishika metali zote mahali zilipo, kisha unachoma utomvu. Ukiwa na metali nne au tano ambazo kila moja inatoka kwenye pH yake, hii inashinda mashapo bila ubishi. Lakini kwa kuwa hakuna kuosha, kila uchafu uliotoka na chumvi na asidi unabaki ndani ya poda, kwa hiyo huku ndiko kemikali za daraja la juu zinakolazimika.

Na kuwa makini na moto. Uzito wa vitu vya kuungua kwenye utomvu ule ni mkubwa kuliko oksidi utakayopata, na ukitumia nitrati umeweka kitu kinachotoa oksijeni na kuni kwenye sufuria moja, inaweza kuwaka ghafla na kurusha majivu hadi kwenye dari ya kabati. Anza na kiasi cha kutoa gramu 2 za oksidi, bika liwe kubwa mara kumi ya mchanganyiko maana utomvu unavimba kama povu, pandisha joto nyuzi 1 au 2 kwa dakika kati ya 150 na 400, na mlango wa hewa wa tanuru uwe wazi ili kaboni iungue iishe, la sivyo poda itatoka ya kijivu na utadhani ni uchafu wa metali.